Wewe si Mtu wa Mombasa?

Nani aliyewaambia watu wa bara kwamba kila mtoto anayezaliwa Mombasa hupewa historia ya Fort Jesus pamoja na kadi ya kliniki? Mimi kitovu changu kimezikwa Kisauni. Ngomeni napita. Napita asubuhi nikienda kortini kufuatilia kesi ya shamba la marehemu babu, napita mchana nikirudi, kesi imeahirishwa. Kuta zile nazijua kwa nje: rangi yake ya udongo, kivuli chake jioni, na pembe nzuri ya kujibanza mpaka anayekudai akate tamaa aende zake. Ndani wanaingia watalii, wanafunzi walioletwa na mwalimu, na wakwe.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya wakwe. Mama mkwe aliteremka na treni Desemba, akafuatana na shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye akisema anakaa siku mbili usimnunulie mkate mdogo. Hata chai haijapoa, mama akasema, "Mwanangu, kabla sijafa nataka kuiona hiyo nyumba ya Yesu."

Kabla hajafa! Mama yule, kwa afya ile, atatuzika sote na sahani za matanga azioshe mwenyewe. Lakini mama mkwe haambiwi hapana. Nikasema naam mama.

Kesho yake akatoka chumbani na gauni la Jumapili, kitambaa cha kina mama wa kanisa kichwani, viatu vya kisigino, Biblia kwapani. Nikamtazama mke wangu anisaidie kueleza. Mke wangu akatazama dari. Shemeji naye alikuwa anapiga shati pasi, shati moja, tangu saa mbili. Basi tukafika saa sita kamili. Saa sita ya kaskazi, hata paka wa Mji wa Kale washajua pa kujificha.

Mlangoni mwananchi halipishwi sawa na mgeni wa kutoka nje, na hilo nashukuru. Ila shemeji, aliyekuwa ametangaza tangu juzi kwamba leo ni yeye, alipotoa simu alipe, simu ikawa imezima. Simu ya shemeji huzima kwa ratiba. Nikalipa.

Mama akaona mizinga, akasimama.

"Mwanangu, hili ni kanisa?"

"Hapana mama, ni ngome."

"Ya Yesu?"

"Ya Wareno, mama."

"Na mizinga ni ya nani?"

Hapo nikajua leo kuna kazi. Mbinu yangu ikawa ni kutangulia hatua mbili mbele, nisome kibao kwa jicho la pembeni, kisha nigeuke na kumwaga habari kwa utulivu wa mtu aliyezirithi kwa babu yake. Nikamwambia ilijengwa kati ya 1593 na 1596, mchoraji wake Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na Wareno waliitaka kwa ajili ya kulinda njia yao ya kwenda India. Walisafiri chini ya bendera ya msalaba, ndiyo maana ya hilo jina. Mama akafikiri. Akasema, "Yesu hakuwatuma." Akaitia Biblia mkobani, akavuta zipu mpaka mwisho.

Nikaendelea: ukiitazama ngome kutoka juu, utaona umbo la mtu aliyelala chali, kichwa upande wa bahari. Mwanangu wa darasa la tatu akataka kuonyeshwa mguu. Mguu upi? Miaka yote hii sijawahi kumwona huyo mtu, maana sijawahi kuwa kunguru. Nikamwelekeza ukuta wowote. Akauliza kama hapo ni goti. Nikasema ndiyo, goti.

Kisha tukafika kwa Sultani Yusuf bin Hasan. Wareno walimchukua akiwa mtoto, wakamlea Goa huko India, wakambatiza jina Dom Jerónimo, wakamrudisha Mombasa atawale. Mwaka 1631 akaingia humu na watu wake, akamwua mkuu wa ngome na kuiteka.

"Walimsomesha?" mama akauliza.

"Naam mama."

"Wakamvisha, wakamlisha?"

"Naam."

"Sasa walimkosea nini?"

"Babake aliuawa, mama, na Wareno walikuwa na mkono wao humo."

"Basi," akasema mama, na faili likafungwa. Vitabu vizima vimeandikwa juu ya jambo hilo, yeye kamaliza kwa neno moja, tukasonga mbele.

Kati ya 1631 na 1875 ngome hii ilibadilisha mikono mara tisa. Shemeji akashangaa, "Mara tisa!" Mimi sikushangaa. Hiki ni kiwanja cha Mombasa cha kawaida kabisa. Mreno ana hati, Mwomani ana hati, Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, yumo ndani na watoto, Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, anakuja 1837 anasema ni chake, na Mwingereza anapita na manowari kuangalia mipaka. Tena hao walikuwa na bahati, waliamua kwa mizinga. Sisi tungali tunasubiri karani alete jalada.

Nilipofika kwenye mzingiro wa Waomani nilidhani mama atachoka. Kinyume chake ndiyo alivaa miwani. Nikamweleza kwamba waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na ndani ugonjwa na njaa vikawamaliza watu.

"Walikuwa wanapika nini?"

Kibao hakikusema. Nikasema mchele.

"Wa miezi 33? Mchele wa kutoka wapi?"

"Meli zilikuwa zinaleta, mama."

"Na kuni?"

Jamani! Maprofesa wameisoma ngome hii tangu enzi, na sidhani kama kuna aliyebanwa kuhusu kuni namna nilivyobanwa mimi, jua utosini, jasho limefika soksini. Nikamkimbiza kwenye vyombo vya ile meli, Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwaokoa waliozingirwa ikazama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi walianza kuifukua 1977, na walivyovipata vikawekwa kabatini. Mama akainama mbele ya mtungi mmoja mpaka pumzi yake ikapiga ukungu kwenye kioo.

"Huu ulikuwa baharini?"

"Miaka zaidi ya 270, mama."

Akanigeukia polepole. "Meli ilizama, mtungi haukuvunjika. Na nyinyi hapo nyumbani kwenu kila nikija vikombe vimepungua."

Ungejibu nini? Nikasema naam mama.

Lakini aliyeniumiza hasa ni mwanangu. Kuna ukuta una michoro ya Wareno: meli, samaki, watu, mistari imepitana. Wanajeshi walikaa zamu, hawana la kufanya, wakachora ukutani. Leo michoro hiyo inatunzwa, mgeni haruhusiwi hata kuigusa. Mtoto akaitazama kwa muda mrefu sana, kisha akauliza mbele ya bibi yake, kwa sauti: "Baba, hawa walichapwa?"

Nikajua anakopelekea. Mwezi wa tisa alichora basi na ng'ombe kwenye ukuta wa sebule, kwa kalamu ya wino, na mwenye nyumba akanikata pesa za rangi kwenye amana. Nikamwambia hawa walichora zamani. Akauliza basi la kwake litakuwa la zamani lini. Mama mkwe akamvuta ubavuni, akampa peremende, kesi ikaisha, nami nikashindwa bila kupewa nafasi ya kujitetea.

Sehemu ya gereza tulipita haraka. Waingereza waliifanya jela toka 1895 hadi 1958. Mama hakuuliza kuhusu kuni. Aliuliza tu waliofungwa walikuwa kina nani, nikasema watu wetu, akaguna.

Shemeji ndiye aliyetuchangamsha. Alitaka picha kwa kila mzinga, na kwa simu yangu, maana ya kwake ilikuwa ingali katika usingizi wa pono. Kwenye mzinga wa tatu akajiegemeza paja, kaptula yenyewe ya bichi, kwenye chuma kilichokaa juani tangu alfajiri. Mlio alioutoa sijawahi kuusikia kwa mwanamume mwenye ndevu. Picha ninayo. Ikifika siku ya kunilipa pesa za kiingilio nitaifuta.

Kutoka nje, nikasimamisha tuktuk. Dereva akamtazama mama na kitambaa chake cha kanisa, akamtazama shemeji anavyochechemea, akataja bei ya kutupeleka Mtwapa na kuturudisha. Twaenda Kisauni tu! Nikamshukia na Kimvita changu chote, cha nyumbani, cha kwa nyanya: "Yakhe, mimi si mgeni, mimi ni mwenyeji, usinifanyie hivyo!" Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Kiswahili umejifunza vizuri, kaka."

Tukapanda kwa bei ile ile.

Ndani ya tuktuk mama akavua viatu, akapiga simu bara. Nikasikia anamwambia mwenyekiti wa kina mama kwamba mahali pazuri sana, si kanisa lakini pana mafunzo, na mkwe wake anajua kila kitu isipokuwa kuni, atazitafutia jibu. Waje wote Aprili. Basi lile la watu 33 litatosha, na kulala watalala kwake.