Shemeji na Kopo la Gizani

Mbio ndefu za Dar huanza alfajiri, saa 10:30, maana ikifika saa 2 asubuhi hewa ya hapa ni supu. Jasho halikauki. Linatiririka, linalowesha bukta, na chumvi yake inageuka msasa. Piga hesabu: hatua 170 kwa dakika, kwa saa tatu, ni zaidi ya hatua 30,000, na karibu kila hatua paja linamsalimia mwenzake. Ndiyo maana tunapaka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na panapokaa mshono wa bukta. Yapakwe mazito, yaonekane. Ukiyasugua mpaka yakapotea umejipodoa tu. Chuchu zibandikwe plasta, na fulana ya pamba ibaki nyumbani.

Haya yote nilimfundisha shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Jumapili moja, tukijiandaa kutoka, umeme ukakatika.

"Shemeji, umepaka?"

"Nimepaka mpaka pasipopakika."

Tukatoka Mwananyamala. Kilometa ya tatu akauliza, "Hivi na wewe unasikia kaupepo?"

Hapakuwa na upepo. Tulipofika Oysterbay nikanusa harufu ya bibi yangu.

"Ulichota kopo gani?"

"Lile la mezani."

La mezani lilikuwa dawa ya kuchua magoti. Dawa ile haina haraka: ngozi ikiwa kavu unasikia ubaridi tu. Jasho likitoka na msuguano ukianza, ndipo inapojitambulisha. Tulipanga kwenda dakika 6:30 kwa kilometa. Juu ya Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari ulipomwingia, saa yangu ilisoma 4:40 na bado ananiacha. Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni, naye alizoea kuongoza mbio mapema. Alikuwa wa pili Boston 1988, 1989 na 1990, akashinda New York 1989. Ila Ikangaa hakuwa akiyakimbia mapaja yake mwenyewe.

Akajimwagia chupa nzima ya maji ya kunywa. Maji hayaondoi mafuta, yanayasambaza tu, na sasa dawa ikafika mitaa ambayo haikualikwa. Mafuta huondolewa kwa mafuta: unafuta kwa kitambaa kikavu, unapaka ya kula, unafuta tena, halafu sabuni. Tukageuza mpaka Msasani, kwa mama wa vitumbua.

"Shikamoo mama. Tunaomba mafuta kidogo."

"Marahaba. Ya nini?"

Shemeji akatazama chini. "Ya mapaja."

Mama akatazama karai. "Haya yanachemka, baba."

"Hayo hapana, mama! Ya kwenye chupa!"

Akamimina mafuta ya alizeti, kikombe kimoja cha kahawa, akamtupia na kanga kuukuu. "Pita nyuma ya mabati. Na hiyo kanga usinirudishie."

Vijana wa bodaboda waliacha kuvizia abiria, wakawa wanasikiliza mabati. Kila baada ya muda ilitoka "Ssss!" na mmoja akauliza kama huko nyuma nako wanakaanga.

Nafuu ilikuja baada ya raundi ya pili ya mafuta na kipande cha sabuni ya mche. Kukimbia hakukuwezekana tena. Tukaita bajaji. Shemeji alikaa siti ya nyuma, mguu mmoja Kinondoni, mwingine Temeke. Mimi nikabanana na dereva mbele, na dereva akamtoza nauli ya watu wawili.