Mizani ya Bluetooth: mimi naanzia Android 8

Juzi tena tumebishana na developa mwenzangu, minSdk, ile namba ya toleo la chini kabisa la Android ambalo apu inakubali, tuweke ngapi kwenye apu ya duka inayosoma mizani kwa Bluetooth, yeye anasema 21, yaani Android 5 ya 2014, manake skana mpya ya kutafuta vifaa vya BLE, ile Bluetooth inayokula chaji kidogo, ilianzia hapo na hata 4.3 kabla yake ilishakuwa na BLE. Sawa, ipo. Kuwepo na kumfanyia mtu kazi dukani ni vitu viwili jamani.

Kuna mzee mmoja muuza nafaka alinipigia, hata shikamoo sijamaliza, "kijana, mizani yako haionekani." Nikamwambia badilisha betri, akabadilisha, zima uwashe, kazima kawasha, kumbe simu yake Android 6 na lokesheni kaizima. Kuanzia 6 hadi 11 ukitaka kuskani BLE lazima uwe na ruhusa ya lokesheni, halafu lokesheni yenyewe iwe imewashwa, ikiwa imezimwa listi inakuja tupu na hakuna hata kosa linaloonyeshwa, unabaki unailaumu mizani. Nikamwelekeza, ile ruhusa ikatokea, akaniuliza "mizani ya kupimia maharage inataka kujua nipo wapi ya nini?" Akagoma. Sikuwa na jibu la maana la kumpa, kusema ukweli.

Android 12 ya 2021 ndo ilikuja na ruhusa ya Bluetooth peke yake, BLUETOOTH_SCAN, unaweka neverForLocation, yaani unatangaza kwamba huitumii kujua mtu yuko wapi, na yale maswali ya lokesheni yanaisha. Tamu sana, ila nikianzia 12 nimewafukuza wateja wangu wanaoshika simu walizoachiwa na watoto wao.

Ndo maana nasema 8. Hii ya 2017 ina CompanionDeviceManager, simu yenyewe ndo inatafuta mizani, inamwonyesha mtu listi, anachagua, apu yako haiombi lokesheni kabisa. Wengine wanaipendea 8 sababu ya spidi ya Bluetooth 5, mimi hiyo sina shida nayo, kilo mbili na robo zina haraka gani?

Lakini usiifunge apu nzima!! Apu iache minSdk 23 (Android 6), kitufe cha mizani ndo kitokee kuanzia 26 (Android 8), chini ya hapo mtu aandike kilo kwa mkono. Na kwenye manifesti, faili la apu linalotaja inachohitaji kwenye simu, bluetooth_le iwe required="false", la sivyo Play Store inaificha apu kwa simu zisizo nayo.

Mwenzangu anasema huo ni uvivu, simu za zamani zinatengenezeka. Labda, ila yeye hajakesha na GATT 133, kosa la kuunganisha BLE lisilosema limetoka wapi, kwenye simu ambayo hata huna mkononi.

Yule mzee saa hizi anaandika kilo mwenyewe. Nilipomwambia akibadilisha simu mizani itaunganika bila kuulizwa lokesheni, akasema asibadilishiwe kitu, kaizoea.