Texas 2021: Je, Gridi ya Pekee Ndiyo Iliyoleta Giza?

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021, waongozaji wa gridi ya Texas, iitwayo ERCOT, waliamuru umeme uanze kukatwa, kwa kuwa baridi kali ilikuwa imezima mitambo mingi kwa mpigo. Baadaye ilibainika kwamba zilikuwa zimebaki dakika 4 na sekunde 37 tu gridi nzima izimike. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilikosa umeme, mabomba ya maji yaliganda na kupasuka, na serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Ulipaswa kuwa mgawo wa umeme, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa, lakini ulikuwa mgawo usio na zamu: waliokatiwa walikaa gizani kwa siku kadhaa.

Wakosoaji waliulaumu upweke wa gridi hiyo. Sheria ya mwaka 1935 ilipoiweka biashara ya umeme baina ya majimbo chini ya serikali ya shirikisho, makampuni ya Texas yaliamua kutovusha umeme mpakani ili yakwepe usimamizi huo. Matokeo yake, njia za kuiunganisha ERCOT na gridi za jirani hubeba megawati 1,220 hivi, ilhali katika janga lile zilikatwa hadi megawati 20,000. Mfano wao mkuu ni El Paso, mji wa Texas ulio katika gridi ya magharibi, ambao haukupata giza la namna hiyo.

Watetezi nao hawakukosa hoja. Majirani wa kaskazini, Oklahoma ikiwemo, walipigwa na baridi hiyohiyo na wakalazimika kukata umeme wao wenyewe, ingawa kwa muda mfupi zaidi, hivyo wasingekuwa na ziada kubwa ya kugawa. Kuhusu El Paso, naona mfano huo hutumiwa kwa haraka mno, kwa sababu mji huo ulikuwa pia umegharimia kuikinga mitambo yake baada ya baridi kali iliyoikumba Texas mwaka 2011, na haki haimruhusu mtu kuipa gridi sifa zote.

Kwangu mimi, kiini kiko kwenye gesi asilia. Gavana Greg Abbott alikwenda kwenye televisheni akaulaumu umeme wa upepo na wa jua. Ni kweli kwamba mitambo ya upepo iliganda, lakini uchunguzi wa shirikisho ulionyesha kwamba sehemu kubwa zaidi ya mitambo iliyozimika ilikuwa ya gesi. Visima viliganda, na vituo vingine vya gesi vilikatiwa umeme kwa sababu havikuwa vimeandikishwa kuwa vya lazima, yaani visivyopaswa kukatiwa. Bei ya umeme kwenye soko la jumla ilipandishwa hadi dola 9,000 kwa megawati-saa ili kuwavuta wazalishaji, lakini mtambo ulioganda hauvutwi na bei. Wala serikali ya shirikisho haikosi lawama: tangu 2005 ina mamlaka juu ya uthabiti wa gridi hata ndani ya Texas, na baada ya 2011 wataalamu wake walishauri mitambo ikingwe dhidi ya baridi, ila ushauri huo haukugeuzwa kuwa amri.

Mwezi Juni, Abbott alitia saini sheria ya kuilazimisha sekta kujikinga. Baada ya hapo siasa za jimbo zilihamia kwingine: wabunge wa Democratic walikimbilia Washington mwezi Julai ili kuvunja akidi na kuzuia muswada wa uchaguzi, na tarehe 1 Septemba ilianza kutumika sheria kali ya kuzuia utoaji mimba. Kanuni ya kuwabana wazalishaji wa umeme ilipitishwa Oktoba. Visima vya gesi, vinavyosimamiwa na chombo ambacho mpaka leo huitwa Tume ya Reli, vilisubiri kanuni yao ya kujikinga na baridi hadi Agosti 2022, majira mengine ya baridi yakiwa yamekwishapita.