Mpaka Mzee Azidiwe?

Kuna kauli moja ambayo nikiisikia natamani kupiga meza: "Mama bado ana nguvu, akizidiwa tutamwita wakili." Akizidiwa! Yaani mnangoja mkono ushindwe kushika kalamu ndipo mlete kalamu.

Hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayompa mtu mwingine mamlaka ya kushughulikia pesa na mali ya mzee, haitolewi na watoto. Huitoa mzee mwenyewe, akielewa anachokitoa na anayempa. Kiharusi kikishamchukulia akili, hakuna wakili wala kikao cha ndugu kinachoweza kuisaini kwa niaba yake. Mlango unaobaki ni wa mahakama: maombi, ripoti ya daktari, taarifa kwa ndugu wote, kisha msimamizi atakayedaiwa hesabu. Wakati huo bili za hospitali mnachangishana, na pesa ya mzee imelala benki.

Hata walioiandika mapema hukosea. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza, hati ya kawaida hufa pale mtoaji anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani siku ileile inapohitajika. Uingereza yenyewe ililazimika kutunga sheria mwaka 1985 ili iwepo hati inayodumu. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza wakili bei, muulizeni hili: sheria yetu inaruhusu hati inayoendelea baada ya akili kupotea, na je, uliyotuandikia ndiyo hiyo?

Wengine nao hukata tamaa mapema mno. Daktari akishatamka ugonjwa wa usahaulifu, familia inafunga faili, la hati na la wosia pia. Mwaka 1870, katika kesi ya Banks na Goodfellow, mahakama ya Uingereza iliukubali wosia wa mtu aliyeamini anaandamwa na mashetani pamoja na marehemu mmoja. Ajabu? Hapana. Alielewa kuwa anaandika wosia, aliijua mali yake kwa ujumla, aliwakumbuka waliostahili kufikiriwa, na mashetani yake hayakugusa mgawo. Mzee asiyejua kama leo ni Jumanne anaweza kukipita kipimo hicho. Ila atapimwa kwa siku aliyosaini, na ushahidi wa siku hiyo hautengenezwi miaka mitano baadaye.

Basi chagueni saa anapokuwa mchangamfu, kwa wengi asubuhi, kabla ya dawa inayomlevya. Miwani na kifaa cha kusikia viwepo. Wakili abaki naye peke yake. Mtoto anayenufaika atoke nje kabisa, si asimame mlangoni akikohoa kila jibu linapokwenda kombo. Maswali yawe ya kumfanya aeleze: una mali gani, nani atalipa bili zako ukilazwa, kwa nini yeye na si mwingine? "Ndiyo" kumi mfululizo hazithibitishi kitu. Anayetia dole gumba asomewe hati yote kwa lugha anayoielewa, na hati yenyewe iseme kwamba alisomewa. Daktari naye aandike barua siku hiyohiyo, akitaja uamuzi unaofanywa. "Mgonjwa anaendelea vizuri" ni barua ya kuombea likizo.

Haya, nakubali kwa shingo upande: ukimpa mtoto mlafi hati hii umempa ufunguo wa ghala. Lakini dawa ya hilo ni masharti. Pesa kubwa isainiwe na wawakilishi wawili. Mwakilishi asijizawadie. Nyumba anayoishi mzee isiuzwe bila ridhaa ya mtu wa tatu. Hesabu na risiti zimfikie kila miezi 3 ndugu asiyeshika pesa. Wekeni na mwakilishi wa akiba, maana hata mwakilishi huugua. Kisha pelekeni nakala benki mzee akiwa bado anaweza kujieleza, kwa sababu huenda benki ikadai fomu yake yenyewe, na hilo mtaligundua siku ya dharura.

Njia ya mkato inayopendwa, kuingiza jina la mtoto kwenye akaunti ya mzee, ni mbaya zaidi. Wadai wa mtoto au talaka yake wanaweza kuifikia pesa hiyo, na mzee akifariki, mara nyingi salio humwendea aliyebaki, wosia useme usemavyo. Bima ya maisha nayo kwa kawaida hulipwa kwa jina lililo kwenye fomu. Kama ni la mke wa zamani, kabadilisheni fomu. Shahidi wa wosia asiwe mrithi wala mwenzi wa mrithi. Wosia halisi msiuchomoe pini ili mtoe kopi: matundu mapya huzua swali la ukurasa uliobadilishwa.

Na wewe unayetembea na kadi ya benki ya baba: hati yako inakufa naye. Pesa utakayotoa alfajiri baada ya kifo chake, hata iwe ya jeneza, tayari ni mali ya mirathi, na yule ndugu aliyekuwa kimya miaka yote ndiye atakayeomba taarifa ya akaunti.