Jamani, sikuwa naibusu ile spika

Najua wengi mmeshaiona ile video. Jamaa yangu, ambaye kuanzia leo hata ukoko wa kwangu hataula tena, ameirusha kwenye magrupu yote na maneno "mume akiomba msamaha kwa spika". Toka asubuhi napokea vicheko tu. Haya, nisikilizeni na mimi.

Spika ni zile za marehemu mzee, za mbao, ukibeba moja unahema. Zimekaa stoo kwetu Ilomba chini ya magunia ya mahindi miaka na miaka, kwa kuwa besi ilikuwa imekufa, inakwaruza tu. Kumbe ugonjwa wenyewe mdogo. Ule mviringo wa sponji unaoishika pembeni koni, kile kibakuli kinachotetema, huoza wenyewe, hata kama spika haipigwi. Ukiugusa, unabaki na masizi meusi vidoleni. Koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, na sumaku vilikuwa vizima kabisa. Nikaagiza sponji za inchi 8 kutoka Kariakoo, zikaja na basi, nauli ya mzigo juu yangu.

Gundi sasa. Wanaojua wanashauri gundi nyeupe inayokauka taratibu, upate nafasi ya kuiweka koni katikati. Mimi nikachukua ya fundi viatu, pale Mwanjelwa. Ndiyo, hiyo hiyo. Msianze.

Na Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua. Baridi lile, gundi haikauki, inakutazama tu.

Ili ujue koni imekaa sawa, unaibonyeza polepole kwa vidole huku umetega sikio. Ikikwaruza, ujue koili inagusa sumaku. Nikailaza spika chali kwenye mkeka sebuleni, nikapiga magoti, nikainama. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya kitamu kabisa. Nikatabasamu peke yangu, nikataka kuinuka.

Ndevu zikakataa.

(Mlioniambia ndevu zinanipendeza, Mungu anawaona.)

Nikavuta kidogo. Nikasikia sponji inaanza kuachia, trrr. Nikarudi chini mbio. Nikapiga hesabu: nikinyanyuka kwa nguvu, sponji inachanika na hela yangu imekwenda, nikibaki, nitazeekea hapa. Nikaamua kutulia. Kila nikivuta pumzi, koni inapanda na mimi. Nikishusha, inashuka na mimi. Harufu ya gundi nayo inapanda puani mpaka machozi yananitiririka. Yale machozi ya kwenye video ni gundi, si majuto.

"Hodi!"

Mama mkwe. Katoka Tukuyu, hata simu hakupiga. Nyuma yake yule msaliti, amekutana naye njiani akampokea mkungu wa ndizi.

Sasa mkwe hasalimiwi ukiwa umelala, hilo hata mtoto analijua. Nikanyanyua makalio juu, angalau nionekane nimesimama nusu. Hapo ndipo wengi mmeweka vicheko, nimewaona. "Shikamoo mama," nikasema, maneno yote yakaingia kwenye koni, yakatoka kama ya mtu aliyetumbukia kisimani.

Mama akasimama mlangoni. Akashusha sauti, akamwambia msaliti: "Tumsubiri. Baba anasali."

Wakaketi. Jamani, wakasubiri! Mama akafunga macho na yeye. Msaliti akatoa simu.

Ningesema nini? "Mama, nimenasa ndevu"? Nikanyamaza. Baada ya muda mama akasema, "Amina." Mimi kimya. Akafungua jicho moja, akaniangalia yale makalio bado yako juu. "Hajamaliza," akasema, akalifunga tena.

Mengine ni mafupi. Mke wangu akarudi kutoka sokoni, akacheka mpaka akakaa chini, akaleta mkasi wa jikoni. Kidevu upande mmoja kitupu, upande mmoja msitu. Nikanyoa zote, spika ya pili nikaitengeneza kwa amani. Nikajaribu nyaya kwa betri ya volti 1.5, koni zote mbili zikaruka mbele kwa pamoja, maana moja ikienda mbele na nyingine nyuma, besi zinauana. Nywele zangu bado zimo kwenye gundi, hazidhuru kitu.

Jioni ya kuwasha nikaweka dansi la Sikinde. Ndugu zangu! Gitaa la besi unalisikia linatembea lenyewe, kidole kwa kidole, tarumbeta kule, ngoma huku, mwimbaji kasimama katikati ya sebule. Hizi sabufa zetu zinakupiga kifuani tu, neno hulisikii. Nikafumba macho.

Mama mkwe alivumilia nyimbo mbili. Ya tatu ilipoanza akakohoa.

"Baba, weka na kwaya basi. Mtu aliyesali muda wote ule hawezi kumalizia na dansi."