Kamanda wa Koma

Fimbo yangu ya pool ina jina. Sio la fundi, ni langu mimi, limechongwa pale kwenye kitako kwa vipande vya ganda la chaza, herufi zinameta ukizigeuza kwenye taa, na linasomeka KAMANDA WA KOMA. Ilitakiwa iwe KONA. Sasa kwenye simu N na M ni majirani, na kidole gumba changu ni kinene, na fundi mwenyewe Kiswahili hajui hata salamu, yeye kaletewa herufi kachonga herufi. Tena maskini wa watu kabla hajachonga alinitumia mchoro niukague, nikauangalia kama sekunde mbili hivi nikamjibu safi kabisa, endelea.

Na hata ingekuwa Kona bado hakuna binadamu aliyewahi kuniita hivyo. Nilijipa mwenyewe.

Hii ilikuwa fimbo ya kuagizia, yaani sio ile ya kuokota ukutani. Nilichagua kila kitu. Fimbo za kawaida zina inchi 58, mi mfupi na nilichoka kugonga ukuta kwa nyuma, nikasema nipigie 55. Uzito watu wengi wanacheza kati ya aunsi 18 na 21, nikasema weka 23, maana nilikuwa naamini fimbo nzito inapiga yenyewe we unaishika tu isidondoke. Nikasubiri mwaka na miezi minne. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba fundi wangu ana foleni ndefu, kumbe foleni nilikuwa mimi peke yangu na mgongo wake ulikuwa unamsumbua.

Basi mwaka huu pesa ikakata, ikakata kweli, nikakumbuka nina mali ndani. Hesabu zangu zilikuwa hivi: fimbo za George Balabushka, yule fundi wa Marekani aliyefariki 1975, hadi leo wenye pesa wanazigombania. Yake ilitengenezwa kwa mkono, yangu imetengenezwa kwa mkono, basi sisi ni ukoo mmoja. Nikaandika tangazo. Bei nikaweka ile ile niliyonunulia nikaongeza kidogo ya usumbufu wa kusubiri. Nikaandika shafti mbili za asili (shafti ni ile nusu nyembamba ya mbele inayoungwa na kitako), hali mpya, afu nikaona bado halijanoga nikaongeza nakshi za pembe za ndovu, japo vile vipande vyeupe fundi alishaniambia ni plastiki, ila nikasema nani atajua.

Jamaa mmoja akapiga, sauti ya mtu mzima, mpole, akasema kesho asubuhi nakuja. Hapo ndo balaa lilipoanza, maana nilikuwa na usiku mzima wa kuiandaa.

Shafti ilikuwa na rangi ya bluu ya chaki, ile inayoingiaga kwenye mbao taratibu miaka na miaka, nikaona uchafu huu utanishushia bei, nikaloweka kitambaa kwenye maji ya moto na sabuni nikaisugua kama sufuria. Bluu ikapungua, sawa, ila ilipokauka nyuzi za mbao zikasimama zote, ukipitisha kidole unahisi ndevu za juzi. Nikatafuta msasa. Msasa wa mkono unachosha, nikaona kwa nini niteseke na drili ninayo, nikabana shafti kwenye drili ya kutobolea ukuta, nikawasha, nikakunja msasa nikaushika katikati. Wee, ilikuwa raha! Mbao inazunguka, vumbi jeupe linaruka, mimi na miwani ya jua saa tano usiku najiona fundi. Shida ni kwamba nilikuwa nanogewa zaidi pale katikati. Nikamalizia na vanishi koti tatu, moja ikachuruzika hadi kwenye kitako ikaganda kama chozi juu ya herufi K. Nikalala nimeridhika kabisa.

Mzee akafika mapema kuliko ahadi. Kavaa kawaida tu, ila kashika kimfuko kidogo, na ndani ya kile kimfuko mlikuwa na kipimo cha vernia, mizani ndogo na tochi. Nilivyoona tochi moyo ukashtuka kidogo.

Hakusema kitu. Akachukua kitako peke yake akakibingirisha juu ya meza, huku ameinama jicho liko sawa na ubao anaangalia mwanga unaopita chini yake. Akafanya hivyo kwa shafti. Afu ndo akaziunga akabingirisha fimbo nzima, akanieleza taratibu kwamba wengine wanabingirisha ikiwa imeungwa tu, ikicheza hawajui kosa ni la shafti, la kitako au la skrubu ya katikati. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye hufanya hivyo kila Jumapili.

Kitako kikapita. Akawasha tochi akaangalia zile pembe ndefu za mpingo zilizopanda kwenye mbao nyeupe, ziko nne, akapima kama vilele vyake vimelingana, akatabasamu. Akasema kazi nzuri hii, ncha zake kali na zimesimama sawa, fundi hajabahatisha. Nikaanza kuhesabu pesa kichwani.

"Fundi wako yu hai?" akauliza.

"Yu hai mzee, tena ana afya."

"Aah," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Akanifafanulia. Watu kama Balabushka, au Gus Szamboti aliyefariki 1988, hawatachonga tena, na walipokuwa hai tayari walikuwa wakali, ndo maana. Fundi aliye hai naye anaweza kushika bei kama foleni yake ni ndefu, mtu analipa zaidi kwako wewe ili asisubiri miaka. Akaniuliza foleni ya huyu ikoje. Nikakohoa.

Akatoa vernia akabana shafti pale kwenye ncha. Milimita 11.9. Akaniangalia. Shafti ya namna hii fundi huiacha kwenye 13 hivi, akasema. Akashuka na kipimo taratibu kuelekea katikati, 11.4, akarudia, bado 11.4, akaendelea chini ikapanda ikawa 13 na ushee. Akakaa kimya.

"Kijana, hii shafti ina kiuno."

Nilitamani kucheka ila uso wake haukuruhusu. Akapitisha vidole vya kupigia, vikanata kwenye vanishi vikalia kwiii, akavitoa akavipangusa kwenye suruali. Nikajieleza kwamba nilikuwa naisafisha tu, ile bluu. Akasema ile bluu haina shida mwanangu, mchezaji anajua fimbo imetumika, ile ungeiacha. Ncha imeisha? Inabadilishwa. Ile tepu ya raketi uliyozungushia kwenye mshiko (ndio, nilibandua uzi wa kitani nikaweka tepu ya raketi ya tenisi, mikono inatoka jasho, mnataka nifanye nini) hiyo nayo inatolewa, unazungushwa uzi mpya yanaisha. Hata vanishi, fundi aliyeitengeneza angeipiga upya yeye mwenyewe thamani isingeumia sana. "Lakini mbao uliyoipunguza hairudi."

Nikaona niokoe jahazi. Nikamwambia kuna shafti ya pili, haijawahi hata kuguswa. Akachangamka, kweli akachangamka, akasema basi tuna mazungumzo, shafti ya pili ya fundi yule yule ndiyo inayobeba bei hapa. Nikafungua mkoba. Haimo. Nikatafuta chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya friji, jasho linanitoka, mwisho nikaita mama watoto.

"Kale kafimbo kembamba?" akasema. "Si kapo bafuni."

Kalikuwa bafuni. Kameshika pazia la dirisha. Tangu mwaka jana kamening'inia pale, kila asubuhi mvuke wa watu watano wanaoga, na pazia lenyewe ni lile zito. Nikapanda kwenye ndoo nikakachomoa, nikarudi nako sebuleni kana unyevu na pete mbili za pazia bado zimo. Mzee akazitoa pete kwa heshima akaziweka pembeni. Akabingirisha. Hiyo shafti haikubingirika, ilipepesuka kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake, tak, tak, tak, ikaenda ikasimama yenyewe mgongo juu.

Tukaitazama wote watatu. Mama watoto akasema mbona pazia lilikuwa linakaa vizuri tu.

Kumbe mzee hajamaliza. Akauliza karatasi za pembe za ndovu ziko wapi. Karatasi gani tena? Akasema biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea ya porini, mwaka 1989, Marekani nayo ikabana zaidi 2016, kwa hiyo fimbo yenye pembe ukishindwa kuonyesha ni ya lini na imetoka wapi unaweza kukaa nayo mpaka uzeeke, na mpakani wanaweza kukunyang'anya, na pengine wakakushika na wewe. Nilivyosikia kushikwa nikasahau biashara yote.

"Mzee ni plastiki! Naapa! Plastiki tupu!"

Sijui kama kuna muuzaji mwingine amewahi kupigania bidhaa yake ionekane ni ya plastiki kwa nguvu kama nilivyofanya mimi. Nilichukua mpaka kiberiti nikataka nichome kipande kimoja athibitishe harufu, akanizuia mkono.

Mwisho akaiweka kwenye mizani, 22.9, akaguna. Akapima urefu, akaguna tena, akasema anayeitafuta hii awe mfupi kama wewe na mwenye nguvu kuliko wewe. Afu akageuza kitako akavaa miwani.

"Kamanda wa Koma ni nani?"

"Ni mimi."

"Ndo wanavyokuita?"

"Hapana."

Mama watoto akakimbilia jikoni. Nilisikia kicheko kimezibwa na kanga.

Mzee akakaa kidogo, akaiangalia fimbo, akaniangalia mimi, nikajua anatafuta namna ya kuondoka bila kuniumiza. Afu macho yake yakaenda kwenye mkoba. Ule wa ngozi, wa kubebea, niliununua siku moja na fimbo na sijawahi kuufanyia lolote kwa sababu nilikuwa mvivu. Akaufungua, akanusa ndani, akavuta zipu mara mbili.

"Huu unauza?"

Nikauza. Alilipa vizuri tena bila kubishana, akanipa mkono akaondoka na mkoba mtupu begani anapiga mluzi.

Shafti iliyopinda imerudi bafuni. Ile yenye kiuno mama watoto kaiomba kwa dirisha la jikoni, anasema pale katikati palipobonyea pazia haliserereki. Kitako kipo sebuleni nyuma ya mlango, nilidhani nacho kitakosa kazi, lakini juzi mdogo wetu alikuwa anapanda kwenye meza, mama yake hata sauti hakupandisha, akakichukua tu akakigeuza akamwekea kidole kwenye neno la mwisho. Mtoto akasoma kwa herufi, ko, ma. Akashuka.