Turubai Hii, Turubai Hili

Shemeji yangu ana nyumba ya kupangisha wageni huko Diani, kusini mwa Mombasa, na nyuma ya nyumba hiyo pana bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 5 ambalo yeye hulipenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Januari moja, kaskazi ikivuma na nyumba haina wageni, aliitwa Nairobi kwa shughuli za harusi, akaniomba nikae pale wiki mbili. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, kwa kuwa nilidhani kulinda maji ni kazi ya kiti na gazeti.

Kumbe matata hayakuwa kwenye maji bali kwenye turubai linaloyafunika. Usidhani ni turubai la lori. Ni plastiki ya buluu ambayo unene wake haufiki nusu milimita, yenye vipovu vya hewa upande mmoja, nayo huelea juu ya maji bila kufungwa popote. Mtu wa bara aweza kuuliza kwa nini bwawa la pwani lifunikwe ilhali maji yake tayari ni vuguvugu. Hulifunika kwa sababu jua na upepo huyanywa maji hayo mchana kutwa, na ya kufidia hununuliwa kwa boza; isitoshe, jua huila klorini, nayo mivinje iliyo ugani hupukutisha vijiti vyake vyembamba kama sindano, vikaziba chujio la pampu.

Kwenye mlango wa kibanda cha pampu shemeji alikuwa amebandika karatasi ya maagizo, nami nilipoisoma jioni ya kwanza niliumia moyo. “Turubai hii isikunjwe juani.” “Turubai hii ioshwe kwa kitambaa laini na sabuni ya maji kidogo, kisha isuuzwe sana.” “Vipovu zitazame chini.” “Klorini ikitiwa kwa wingi, turubai hii isirudishwe mpaka ipungue, itaila.” “Usikanyage turubai hii hata kidogo.” Nilitoa kalamu nyekundu, ambayo hainitoki mfukoni hata baada ya kustaafu, nikageuza kila “hii” kuwa “hili”, nikarekebisha “zitazame” kuwa “vitazame”, na kando ya “itaila” nikauliza pambizoni: nini kitakula nini? Nikampa alama 11 kati ya 20, kisha nikaenda kulala nikiwa na hakika kwamba maagizo nimeyasoma.

Siku ya nne turubai lilikuwa limejaa vumbi, vijiti vya mvinje na mavi ya kima. Kijana anayetunza bustani alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku, na mimi, badala ya kumsubiri, nililivuta peke yangu hadi kwenye nyasi, nikalimwagia sabuni ya unga na kulisugua kwa ufagio wa chelewa jinsi mama alivyokuwa akisugua jamvi. Lilipotakata nililisuuza kwa ndoo mbili tu (maji ya boza yana bei yake), nikalikunja mara nane, pembe kwa pembe, kama shuka la hospitali. Lilipendeza. Nikaliacha hapo hapo juani, saa sita na nusu, nikaenda kuswali, nikala wali kwa samaki, nikajinyoosha kidogo.

Kidogo hicho kilifika saa tisa. Joto lilikuwa limenaswa kati ya mikunjo, na vipovu vya katikati vilikuwa vimelainika na kushikana, hata nilipokuwa nikibandua kunjo moja kutoka kwa jingine nilisikia mlio wa mtu anayekokota kandambili kwenye tope. Majani yaliyokuwa chini yalikuwa yamebadilika rangi, yakaacha mraba wa kimanjano ambao ungeonekana hata na rubani. Nililirudisha turubai bwawani upesi, vipovu vikitazama juu, kwa sababu upande ule ndio ulionivutia zaidi. Pampu ilipoanza kusukuma maji, sabuni iliyobaki ilifanya kazi yake, na povu likaanza kuchungulia kando zote nne kama uji unaotaka kumwagika.

Hapo ndipo kima aliposhuka. Diani ina mbega pia, ambao hula majani yao na kumwachia mtu heshima yake. Huyu hakuwa mbega. Alichukua mkate mezani, akachukua na miwani yangu, akakatiza mbio juu ya turubai, na alipofika katikati akaona miwani hailiki, akaiacha pale. Nikafanya hesabu ambayo nisingemsamehe mwanafunzi wa darasa la nne: ikiwa turubai limembeba kima na mkate wake, litanibeba mimi na pensheni yangu.

Lilinibeba hatua moja. Ya pili ilipita moja kwa moja hadi sakafuni, na plastiki ikanifunika pande zote mithili ya nyama ndani ya sambusa. Namshukuru Mungu nilikuwa upande wa kina kifupi, maji yakinifika kifuani. Ingekuwa upande wa pili nisingelicheka jambo hili leo, kwa kuwa plastiki hiyo humzonga mtu na kumnyima pa kutokea. Nikiwa bado napambana, nikasikia sauti ya adabu ya yule kijana wa bustani kutoka ukingoni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba,” niliitika nikiwa ndani ya plastiki, povu likinifika kidevuni.

“Nikutoe sasa, au kuna kitu unasahihisha?”

Alinivuta kwa mpini mrefu wa wavu wa kuokotea majani, kisha akaivua miwani kwa wavu huo huo, bila kutabasamu, na kutotabasamu kwake ndiko kulikoniumiza zaidi.

Shemeji aliporudi alitazama turubai lililoshikana, akatazama mraba wa manjano, akaisoma karatasi yake yenye wino mwekundu kutoka juu hadi chini, asiseme neno. Turubai jipya nililinunua mimi. Mwezi uliofuata nilipokwenda kuwasalimu, nilikuta karatasi mpya mlangoni mwa kibanda cha pampu, ina sentensi moja: “Turubai hili jipya lisiguswe na mwalimu.” Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu, kalamu mkononi. Ngeli ilikuwa sawa, tahajia ilikuwa sawa, na nukta ilikuwa mahali pake. Nikampa 20 kati ya 20.